UCHAMBUZI: Mabaraza ya intaneti yahitaji walezi, si polisi pekee

KADIRI Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia, mjadala kuhusu mitandao ya kijamii nchini umeanza kufuata mkondo ule ule wa chaguzi zilizotangulia. Maafisa wa serikali wanaonya kuhusu uchochezi, watetezi wa haki wanaonya kuhusu udhalimu wa dola, na kila upande unajinadi kuwa ndio mlinzi wa raia.

Katika vuta nikuvute hiyo, kuna mhusika mmoja ambaye ni nadra kutajwa. Naye ni msimamizi wa baraza lenyewe: mtu aliyefungua blogu, akaanzisha kikundi cha Facebook au cha WhatsApp, akaalika watu na kuweka kanuni. Ni yeye anayelazimika kuamua ujumbe upi ubaki na upi ufutwe, aghalabu usiku wa manane na bila malipo yoyote.

Historia ya miaka ishirini iliyopita nchini Kenya, na katika nchi jirani ya Tanzania, inaonyesha kwamba amani ya mabaraza haya imetegemea kazi ya mtu huyu kuliko ilivyotegemea sheria. Inaonyesha vilevile kwamba anapozidiwa, hasara huwa ya taifa zima.

Funzo la Mashada

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Mashada, jukwaa la majadiliano lililoanzishwa na Mkenya David Kobia, aliyekuwa akiishi Marekani. Kabla ya enzi ya Facebook na Twitter kutia fora humu nchini, Mashada lilikuwa miongoni mwa kumbi maarufu kabisa ambapo Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walikutana kujadili siasa, muziki, ajira na mapenzi.

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Wananchi waliokosa habari walikimbilia simu za rununu na intaneti. Jukwaa lililokuwa limezoea mizaha na ubishi wa kawaida likageuka, katika muda wa siku chache, kuwa uwanja wa matusi ya kikabila na vitisho.

Kobia na wenzake walijaribu kufuta jumbe hizo na kuwafungia nje waliozidi mipaka. Waliofukuzwa walirejea kwa majina mengine. Mwishoni mwa Januari 2008 uamuzi ukafikiwa wa kulifunga jukwaa zima.

Muda mfupi baadaye Kobia alifungua tovuti nyingine iliyoitwa I Have No Tribe, ambapo Wakenya walialikwa kuandika jambo moja tu: kwamba kabila si kitambulisho chao cha kwanza. Waliotuma ujumbe waliandika mashairi, sala na hadithi za familia zao, na wasimamizi walichagua ni zipi zingeonekana na umma.

Tofauti ya kumbi hizo mbili inastahili kuangaliwa kwa makini. Watu walikuwa Wakenya wale wale na majuma yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa walipofika mlangoni, na kuwepo kwa mtu aliyesoma kila ujumbe kabla haujapita.

Hata hivyo, haifai kusahau gharama ya hatua hiyo. Kulifunga Mashada kulizima sauti za wachochezi, lakini kulizima pia sauti za waliokuwa wakiwakemea. Mkutano uliochukua miaka mingi kujengwa ulivunjika kwa siku moja, na wengi wa waliokuwapo wakatawanyika kwenye kumbi nyingine zisizo na msimamizi.

Ghasia hizo ziligharimu maisha ya zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Hakuna anayeweza kudai kwamba intaneti ndiyo iliyozizua, kwani wakati huo ni Wakenya wachache waliokuwa na uwezo wa kuitumia. Chuki ilienezwa zaidi na vinywa vya wanasiasa, baadhi ya vituo vya redio na arafa za simu. Ila Mashada lilikuwa dalili ya mapema ya kile ambacho kingetokea pale ambapo kila raia angekuwa na intaneti mfukoni.

Kuchuja bila kuziba

Ni katika majuma hayo hayo ambapo kundi jingine la wanablogu lilionyesha njia tofauti. Januari 3, 2008, Ory Okolloh, wakili aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, alipendekeza kutengenezwa kwa ramani ya intaneti ambamo visa vya ghasia vingenakiliwa ili visije vikakanushwa baadaye.

Wanablogu wenzake, wakiwemo Erik Hersman na Juliana Rotich, waliitikia, na Kobia mwenyewe akawa miongoni mwa waliounda programu. Kabla mwezi haujafika nusu, tovuti ya Ushahidi ilikuwa imeanza kupokea taarifa kwa arafa, baruapepe na fomu ya tovuti.

Inafaa kukumbukwa kwamba watu hao hawakukutana kwa sadfa. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamesomana, wakaachiana maoni na kunukuliana. Tangu 2004 mwanablogu Daudi Were alikuwa ameanzisha mduara wa blogu za Wakenya uliokuja kujulikana kama KenyaUnlimited, ambao uliwaunganisha waandishi waliokuwa Nairobi, London na miji ya Marekani. Taharuki ilipozuka, mtandao wa kuaminiana ulikuwa tayari umejengwa. Wakati wa moto si wakati wa kuchimba kisima.

Jambo la pili ni kwamba Ushahidi haukuacha kila taarifa ipite. Waliojitolea walizichuja, wakazilinganisha na habari za vyombo vya habari na za mashirika yaliyokuwa nyanjani, kisha wakaonyesha zipi zilikuwa zimethibitishwa. Programu hiyo ilikuja kutumika katika mataifa mengi, ikiwa ni pamoja na Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Hata huko, kazi kubwa ilibaki ile ile ya watu kukaa chini na kusoma.

Kuna mfano mwingine wa wakati huo unaotajwa mara chache. Serikali ilipofikiria kuzima huduma ya arafa kote nchini, Michael Joseph, aliyekuwa afisa mkuu wa kampuni ya Safaricom, alishauri kwamba huduma hiyo itumiwe badala yake kueneza wito wa amani. Wateja wapatao milioni tisa wa kampuni hiyo wakapokea jumbe za kuwasihi watulie. Laiti huduma ingezimwa, wito huo nao ungekosa njia.

Chifu na kondoo aliyepotea

Wapo watakaosema kwamba mifano ya wanablogu wa ughaibuni na mawakili haimhusu mwananchi wa kawaida. Jibu lao linapatikana Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru.

Katika eneo hilo lililokuwa na wakazi takriban 28,000, Chifu Francis Kariuki, aliyewahi kuwa mwalimu, alianza mwaka 2011 kutumia Twitter kuwafikia watu wake. Ujumbe wake ulikuwa mfupi na wa jambo moja: mtoto amepotea, kondoo haonekani, kuna mkutano wa baraza, kuna wezi kwa jirani.

Kisa kilichompa umaarufu duniani mwaka 2012 kilitokea mwendo wa saa kumi alfajiri. Chifu alipigiwa simu kwamba wezi walikuwa wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja. Aliandika ujumbe, na baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo. Wezi wakatimua mbio.

Wadadisi wa mambo ya mawasiliano walishangaa kwa sababu ukurasa wake wakati huo ulikuwa na wafuasi 300 hivi tu. Walichokosa kuona ni kwamba wengi wa wakazi hawakuwa na akaunti za Twitter wala simu za bei ghali. Walipokea jumbe hizo kama arafa za kawaida katika simu ndogo, na waliozipokea waliwaambia ambao hawakuzipokea.

Ukichunguza mafanikio ya Lanet Umoja, utapata nguzo nne. Kwanza, baraza hilo lilikuwa na mipaka iliyojulikana: lilihusu eneo moja na mambo ya eneo hilo. Pili, kila mtu alimjua msimamizi wake kwa sura na alijua ofisi yake ilipo. Tatu, lugha iliyotumika ilieleweka na wote, kwani chifu alichanganya Kiingereza na Kiswahili kulingana na haja. Nne, ujumbe ulidai kitendo, na kitendo kilionekana.

Chifu Kariuki aliaga dunia mwaka 2015. Kifo chake kilifichua udhaifu mkubwa wa mabaraza mengi ya aina hii, nao ni kwamba yanasimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Serikali ilimsifu sana alipokuwa hai, lakini ujuzi wake haukuwahi kufanywa sehemu ya mafunzo ya kawaida ya machifu nchini.

Kemeo la wenzao

Baada ya maafa ya 2008, watafiti wa Ushahidi na wa kituo cha iHub jijini Nairobi walianzisha mwaka 2012 mradi wa Umati, uliofuatilia kauli za chuki katika intaneti kabla na baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Wafuatiliaji hawakutegemea kompyuta pekee. Walisoma wenyewe jumbe za Kiingereza, Kiswahili, Sheng' na lugha kadhaa za Kenya zikiwemo Kikuyu, Dholuo, Kikalenjin na Kisomali.

Waligundua kwamba sehemu kubwa mno ya kauli za uchochezi ilipatikana kwenye Facebook na kidogo sana kwenye Twitter. Sababu moja waliyoitoa ni ya kuvutia. Katika Twitter, aliyetoa kauli chafu alionekana na kila mtu, na Wakenya wenzake walimkemea hadharani hadi akaomba msamaha au akafunga akaunti yake. Katika vikundi vya Facebook na kurasa za watu binafsi, aliyetukana aliwatukania wenziwe waliokubaliana naye, na hakuna aliyekuwapo wa kumwambia "hapana".

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Twitter iliuzwa kwa Elon Musk mwaka 2022, ikabadilishwa jina kuwa X mwaka 2023, na wafanyakazi wengi waliokuwa wakisimamia maudhui wakaachishwa kazi. Makundi ya watu wanaolipwa kusukuma mada fulani yamefanya iwe vigumu kujua kemeo lipi ni la wananchi na lipi limenunuliwa.

Muhimu zaidi, mazungumzo mengi yamehamia WhatsApp, ambako hakuna jirani wala mpita njia anayeyaona. Kampuni hiyo ilipunguza idadi ya watu wanaoweza kutumiwa ujumbe mmoja kwa wakati mmoja hadi vikundi vitano mnamo Januari 2019, na Aprili 2020 ikabana zaidi jumbe zilizokwisha kusambazwa mara nyingi. Lakini 2022 hiyo hiyo kampuni iliruhusu kikundi kimoja kuwa na hadi watu 1,024. Kikundi cha ukubwa huo si familia tena wala si chama. Ni mkutano wa hadhara usio na jukwaa.

Yaliyoipata JamiiForums

Msimamizi akishafanya kazi yake vyema, hukumbana na tishio jingine, na mfano wake uko ng'ambo ya mpaka.

Tanzania ndiko blogu za Kiswahili zilikostawi mapema. Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe mwaka 2004, na anatambuliwa na wengi kuwa mwanzilishi wa fani hiyo katika lugha ya Kiswahili. Ni yeye aliyemshawishi mpigapicha Issa Michuzi kufungua blogu mwaka 2005, ambayo ilikuja kuwa kibaraza cha kila siku cha Watanzania kote duniani.

Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa la Jambo Forums, ambalo baadaye liliitwa JamiiForums. Watu waliruhusiwa kuandika kwa majina ya bandia, na kwa sababu hiyo watumishi wa umma waliweza kufichua ufisadi ambao vyombo vingine viliogopa kuugusa. Majukumu ya wasimamizi yakawa mawili: kuhakikisha jina la bandia halitumiwi kumchafulia mtu jina, na kuhakikisha aliyesema kweli hafichuliwi.

Waanzilishi hao waliwahi kuzuiliwa na polisi mwaka 2008. Desemba 2016 Melo alikamatwa tena na kushtakiwa, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za kuwatambulisha wanachama wa jukwaa lake. Kesi hizo zilichukua miaka. Mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu na majukwaa kulipia leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania, na JamiiForums likalazimika kufunga milango kwa muda mwezi Juni. Waliokuwa na blogu ndogo ndogo za vijijini na za vyuoni waliacha kuandika.

Septemba 2025, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba nchini humo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha leseni ya jukwaa hilo kwa siku 90.

Somo kwa Wakenya ni bayana. Dola haikuwapiga vita watu walioshindwa kusimamia baraza lao. Iliwapiga vita kwa sababu walilisimamia vizuri mno, kiasi cha kuaminiwa na raia kuliko vyombo rasmi.

Fimbo ya sheria

Kenya haijaweka leseni kwa wanablogu, lakini imejaribu fimbo nyingine. Kwa muda mrefu polisi walitumia Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha "matumizi mabaya" ya vifaa vya mawasiliano, kuwakamata walioandika dhidi ya wakubwa. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana kupita kiasi.

Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, iliyoweka adhabu ya faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka kumi kwa anayechapisha habari za uongo za kuzua hofu au kumharibia mwingine sifa. Chama cha Wanablogu nchini, BAKE, kilikwenda kortini, na Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ilitupa kesi hiyo na vifungu vikaanza kutumika. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya sheria hiyo, na katika muda wa siku chache mahakama ikasimamisha baadhi yake.

Kuhusu wasimamizi, miongozo iliyotolewa Julai 2017 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) iliwabebesha jukumu la kudhibiti maudhui na mijadala katika kumbi zao. Miongozo hiyo ilikuwa rahisi kuandika. Haikusema msimamizi wa kikundi cha watu mia mbili afanye nini ujumbe ukitumwa akiwa amelala, wala ni nani angemfunza.

Hatari ya kuwaachia polisi kazi ya ulezi ilidhihirika Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa katika Kaunti ya Homa Bay kufuatia ujumbe wa X uliomhusu afisa wa ngazi ya juu katika polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi na kuzuiliwa katika kituo cha Central, ambako aliaga dunia. Polisi walisema kwamba alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ambayo hangeweza kujisababishia mwenyewe, na baadhi ya waliohusishwa na kifo hicho, wakiwemo maafisa wa polisi, wakashtakiwa kwa mauaji.

Ujumbe unaomhusu mkubwa serikalini na ujumbe unaoita watu wachome nyumba ya jirani ni vitu viwili tofauti kabisa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyozaliwa kutokana na ghasia, inaadhibu uchochezi wa kikabila kwa faini ya hadi Sh1 milioni au kifungo cha hadi miaka mitatu. Ilhali wanasiasa waliofikishwa kortini chini yake wameponyoka mara kwa mara, mwananchi aliyemkosoa afisa amejikuta katika seli. Pale ambapo fimbo inawapata wasiostahili, wasimamizi hujifunza kuogopa ukosoaji na kuufumbia macho uchochezi, na hiyo ni kinyume na kilichokusudiwa.

Kampuni na wachujaji wake

Kuna upande wa tatu usiofaa kuachwa ujifiche. Facebook, WhatsApp, TikTok na X huvuna fedha za matangazo kutokana na mikusanyiko ambayo watu wengine wanaisimamia bure. Pale ambapo kampuni zimelipa watu wafanye kazi hiyo, hali imekuwa ya kusikitisha.

Kwa miaka kadhaa maudhui ya Facebook ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini yalichujwa jijini Nairobi na wafanyakazi wa kampuni ya Sama. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefutwa kazi hapo, alishtaki kampuni hiyo pamoja na Meta. Mwaka 2023 wenzake wapatao 185 wakafuata. Walieleza jinsi walivyotazama mauaji na unajisi siku nzima kwa ujira mdogo, na Desemba 2024 ilifichuliwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepatikana na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Meta ilidai haiwezi kushtakiwa humu nchini. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba inaweza.

Aprili 2025 Mahakama Kuu ilifikia uamuzi kama huo katika kesi iliyohusu Profesa Meareg Amare, mhadhiri wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia. Profesa huyo aliuawa Novemba 2021 baada ya jina na picha yake kusambazwa kwenye Facebook pamoja na tuhuma za uongo. Mwanawe alisema aliiripoti kampuni mara kadhaa akiomba jumbe hizo ziondolewe. Hilo ndilo tokeo la baraza lisilo na mlezi anayeelewa lugha ya wanaozungumza ndani yake.

Nini kifanyike

Yapo mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. La kwanza linawahusu wasimamizi wenyewe. Kanuni za kikundi zafaa kuandikwa mapema, wakati watu wangali wanapendana, na zisiwe nyingi. Kikundi cha wakulima kibaki cha bei ya mbegu na maradhi ya kuku, na cha wazazi kibaki cha shule. Vikundi vingi vilivyosambaratika wakati wa kampeni vilianza kwa kuruhusu picha moja tu ya mgombeaji.

Pia ni busara kikundi kiwe na wasimamizi zaidi ya mmoja, na wasitoke katika jamii moja au chama kimoja cha kisiasa. Uamuzi wa kumwondoa mtu ukitolewa na watu watatu wa asili tofauti, ni vigumu kuubandika jina la ukabila. Aidha, kumsimamisha mtu kwa siku tatu na kumweleza sababu huleta faida kuliko kumfukuza, kwa kuwa anayefukuzwa huenda kuanzisha kikundi chake cha walalamishi.

Katika vikundi vya michango ya matibabu na matanga, hesabu zitolewe mbele ya wote. Hakuna kinachovunja imani upesi kama pesa zisizojulikana zilikokwenda.

La pili ni la serikali. Tume ya NCIC ingefanya vyema kutumia miezi iliyosalia kuwafunza wasimamizi wa vikundi katika kaunti zote, jinsi machifu na wazee wa nyumba kumi wanavyopewa mafunzo. Pawe na nambari ya simu ambayo msimamizi aliyezidiwa anaweza kupiga akapata ushauri kutoka kwa mtu asiye polisi. Watu wanaotambua uchochezi katika lugha zao wapo. Mradi wa Umati ulithibitisha hivyo zaidi ya mwongo mmoja uliopita.

La tatu ni la kampuni. Mahakama zimekwisha kuzifungulia raia mlango. Kabla ya kura kupigwa, umma una haki ya kujua ni watu wangapi wanaosoma Kiswahili, Sheng' na lugha nyingine za Kenya, wanalipwa vipi, na ripoti ya mwananchi huchukua muda gani kushughulikiwa.

Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalithibitisha kwamba mabaraza ya intaneti yamekomaa. Vijana waliutafsiri mswada katika lugha za nyumbani, wakakusanya michango ya kuwatibu majeruhi, na wakaongoza mijadala ya sauti iliyosikilizwa na maelfu. Julai 5 mwaka huo Rais mwenyewe alilazimika kuingia katika mojawapo ya mijadala hiyo na kuulizwa maswali, kila mmoja kwa zamu yake.

Aliyegawa zamu hizo usiku ule hakuwa polisi wala mtambo. Alikuwa msimamizi. Wakenya wenye kazi kama yake sasa wako katika kila kijiji, kila kanisa, kila msikiti na kila chama cha akina mama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 2008 taifa lilijenga ukuta kwa gharama isiyosahaulika. Wenye kuziba nyufa wapo, na kilichobaki ni wapewe udongo kabla ya mvua kuanza.